Go kwenye Linux: Karatu itafute mpinzani wa saizi yake

KARATU. Neno moja, michezo miwili. Jumamosi jioni katika mji huu, ukisikia mtu anataja "bao" hujui mara moja anazungumzia nini. Anaweza kuwa ametoka kibanda umiza, ambako vijana wamebanana mbele ya luninga wakitazama Ligi Kuu ya England. Au anatoka chini ya mti, ambako madereva wa watalii walioshuka kutoka Ngorongoro, vumbi jekundu bado liko kwenye viatu, wamezunguka ubao wa mashimo 32 na kete 64. Wawili wanacheza, kumi wanafundisha.

Sasa kuna mchezo wa tatu unaostahili nafasi kati ya hiyo miwili. Unaitwa Go. Ulizaliwa China zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, ukakulia Japani na Korea, na hauhitaji kiwanja wala jezi. Shabiki wa soka akisikia hivyo atauliza: unanihusu nini?

Unamhusu kwa njia ya kona. Machi 2024, Google DeepMind na klabu ya Liverpool walitoa hadharani kazi yao inayoitwa TacticAI. Ni kompyuta iliyosomeshwa kona 7,176 za Ligi Kuu ya England ili ibashiri nani atapokea mpira, na imshauri kocha amsogeze nani hatua mbili wapi. Wataalamu wa Liverpool walipowekewa mezani mipangilio ya kompyuta na ile iliyotumika uwanjani, waliupendelea ushauri wa kompyuta mara 90 katika kila 100.

Karakana iliyofanya hayo ndiyo ile ile iliyotikisa dunia Machi 2016 jijini Seoul, pale programu yake ya AlphaGo ilipomchapa Lee Sedol wa Korea Kusini, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa zama zake, mechi nne kwa moja. Kabla ya kona kulikuwa na kete. Kabla ya Anfield kulikuwa na ubao wa Go.

Hapo ndipo vijana wengi huingiwa na hamu, na hapo hapo ndipo wengi hukosea. Wanaitafuta programu iliyo kali kuliko zote, wanakula kipigo siku tatu mfululizo, siku ya nne wanarudi kwenye michezo ya simu. Kwa anayeanza, tena anayeanzia Karatu na kompyuta ya Linux isiyo na nguvu nyingi, swali la maana ni nani wa saizi yake. Bingwa wa dunia atasubiri.

SHERIA DAKIKA TATU

Ubao wa Go ni mistari tu: 19 kwenda juu, 19 kwenda pembeni, makutano 361. Mmoja ana kete nyeusi, mwingine nyeupe. Mweusi anaanza. Kila zamu unaweka kete moja kwenye makutano, na ikishakaa haisogei tena. Hili la mwisho humsumbua sana mchezaji wa bao, kwa sababu kwenye bao kete ni za kuzunguka; leo ziko kwako, kesho amekula mwenzako na anazitakata upande wake. Kwenye Go, kete ni kama beki aliyegandishwa pale ulipomuweka. Ukimpanga vibaya dakika ya tano, utaishi naye hadi dakika ya tisini.

Kila kete ina pumzi: yale makutano matupu yanayoigusa juu, chini, kushoto na kulia. Adui akiziba pumzi zote, kete inatolewa ubaoni. Kete za rangi moja zilizoshikana zinashirikiana pumzi, zinaishi pamoja na kufa pamoja. Kundi lenye matundu mawili yaliyotengana ndani yake, yanayoitwa macho, halifi kamwe, maana adui hawezi kuyaziba yote mawili kwa zamu moja. Pia hairuhusiwi kurudisha papo hapo picha ile ile ya ubao iliyokuwapo zamu iliyopita. Bila sheria hiyo, inayoitwa ko, watu wangelana kete moja moja hadi asubuhi.

Mchezo unaisha wote wawili wanapopita zamu. Mshindi ni mwenye eneo kubwa.

Basi. Eneo. Anayetaka kuelewa maana yake aende ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro asubuhi ukungu ukishapanda. Chini, zaidi ya mita 600, kuna kiwanja cha kilomita za mraba kama 260 kilichozungushiwa ukuta pande zote. Ndani yake kila kundi la simba lina sehemu yake, na sehemu kubwa ya maisha yao ni kulinda mpaka ule dhidi ya kundi la jirani. (Simba hawa si wa Msimbazi, ingawa nao wana siku zao za kupoteza nyumbani.) Hakuna anayehesabiwa mshindi kwa sababu amepigana sana, bali kwa ardhi aliyobaki nayo. Mchezaji wa Go anayekimbilia kula kila kete anayoiona ni sawa na timu inayopanda yote mbele dakika ya kwanza. Itafunga moja na kufungwa nne.

Kuna jambo moja zaidi ambalo shabiki wa Yanga atalielewa haraka. Kwa kuwa Mweusi anaanza na hilo ni faida, Mweupe hupewa fidia ya pointi, kwa kawaida sita na nusu au saba na nusu. Ile nusu imewekwa ili isitokee sare. Juni 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ilimalizika jumla ya 2-2 kati ya Yanga na USM Alger, na kombe likaenda Algeria kwa mabao ya ugenini. Yanga ilishinda Algiers na bado ikarudi mikono mitupu. Nusu pointi ya Go inaumiza vivyo hivyo.

KOMPYUTA ZINAZOKUNYWA JUA

Kwa nini Linux, na kwa nini Karatu? Kwa sababu wilaya hii ina historia yake na kompyuta za aina hiyo. Tangu miaka ya 2000, taasisi iitwayo Powering Potential, iliyoanzia katika Shule ya Sekondari Banjika, imekuwa ikifunga kompyuta zinazotumia umeme wa jua kwenye shule za sekondari. Baadaye ikahamia kwenye Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo kama kadi ya benki kilichoingia sokoni Februari 2012 kutoka Uingereza kwa dola 35. Kinakula umeme mdogo mno kuliko balbu ya kizamani, na kinaendeshwa na Linux.

Linux yenyewe, kwa asiyeifahamu, ni mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuubadilisha bila kulipa. Tanzania si mgeni kwake: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwishoni mwa 2004.

Uhuru huo wa kunakili ni jambo kubwa kwenye chumba cha kompyuta ambako intaneti ni ya kubahatisha na bando linatoka mfukoni mwa mwalimu. Programu moja ikishafika kwenye flashi, inaweza kuwekwa kwenye mashine ishirini bila mtu kuvunja sheria ya nchi wala ya mtengenezaji.

Lakini kuna masharti magumu. Chukua mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye hamu na saa moja baada ya vipindi. Mashine yake ni ndogo. Haina ile kadi kubwa ya picha ambayo programu kali za leo zinaitegemea. Intaneti hakuna. Betri ya sola nayo ina wenyewe: taa za bweni na simu ya mkuu wa shule. Kwa hiyo usajili wake lazima uwe wa akili, kama klabu ya daraja la kwanza isiyo na fedha za kumleta straika kutoka nje.

USAJILI WA KWANZA: GNU GO

Jina la kuanza nalo ni GNU Go. Ni mkongwe, kazi yake ilianza 1989 na toleo lake la 3.8 lilitoka 2009. Tangu hapo halijapata mrithi wa maana, na kwa anayeanza hilo si tatizo hata kidogo. Mchezaji mstaafu anayejua mpira ni mwalimu mzuri kuliko nyota asiyekuwa na muda na mtoto wa chandimu.

Ni jepesi. Linakaa kwenye Raspberry Pi ya kwanza kabisa bila kulalamika. Lipo kwenye maghala ya Debian, Ubuntu na mfumo wa Raspberry Pi wenyewe, kwa hiyo mwenye intaneti anaandika "sudo apt install gnugo" kwenye terminali, anasubiri kidogo, imekwisha.

Asiyekuwa na intaneti ana safari. Anahitaji mtu mjini ampakulie faili la usakinishaji, lile lenye mwisho wa ".deb", aliweke kwenye flashi. Na hapa kuna mtego unaowapotezea watu wikendi nzima: kompyuta za mezani za kawaida na Raspberry Pi hazisomi faili moja. Ukipeleka faili lililoandikwa "amd64" kwenye Raspberry Pi, litakataa, ni sawa na mchezaji aliyesajiliwa ligi nyingine. Kabla ya kumtuma mtu mjini, andika "dpkg --print-architecture" kwenye mashine ya shule na unakili kwenye karatasi neno inalojibu. Ikisema "armhf", faili liwe la armhf. Ikisema "arm64", vivyo hivyo. Karatasi hiyo inaokoa nauli.

Likishakaa, amri ya kwanza isiwe "gnugo" tupu, maana hiyo inafungua ubao mzima wa 19 kwa 19 na mgeni atapotea humo kama mtalii aliyeachwa na gari ndani ya kreta. Iwe "gnugo --boardsize 9". Ubao wa tisa kwa tisa una makutano 81. Mechi inaisha dakika kumi au kumi na tano, na makosa yanaonekana papo hapo. Ni kama kufundishia watoto kwenye uwanja mdogo wenye magoli ya mawe. Mpira ni ule ule, na kila mtu anaugusa mara nyingi zaidi.

Sura yake haivutii, hilo lisemwe wazi. Ni herufi tu kwenye kioo cheusi: X ni kete nyeusi, O ni nyeupe. Kete inawekwa kwa kuandika anwani yake, mfano "D4". Ukikosea kuna "undo", ukitaka kupita zamu kuna "pass". Wengi hushangaa kuona mistari imeruka kutoka H kwenda J. Kompyuta haijaharibika. Herufi I huachwa kwa makusudi isichanganywe na moja au na L ndogo.

Kinachofuata ni kurekebisha ukali wake. Wengi hukimbilia kushusha levo, ambazo ni kumi. Kushusha levo kunalifanya GNU Go lifikiri haraka, na hilo ni jema kwa betri ya sola, lakini halidhoofiki kiasi ambacho mgeni angetaka. Dawa hasa ni kete za msaada. Ukiongeza "--handicap 3", Mweusi, ambaye ndiye wewe, anaanza na kete tatu tayari zipo ubaoni. Ukishinda mara mbili mfululizo, shusha ziwe mbili. Ukichapwa mara tatu, rudi. Kwa mtindo huo mechi inabaki ya ushindani kila jioni, na ndiyo sababu mtu anarudi kesho yake.

Wachezaji wa Go wana msemo wao wa kale: poteza mechi zako hamsini za kwanza upesi. Wana hoja. Hata hivyo msemo ule ulisemwa mahali ambako mshindi ni babu au kaka aliyekaa mbele yako, anayeweza kunyamaza kidogo akakuachia kona. Kompyuta haina huruma hiyo mpaka uiambie.

Kabla ya kufunga, kuna kitu ambacho kocha yeyote atakipenda. Ukianza mechi kwa kuongeza "-o mechi1.sgf", programu inaandika kila kete kwenye faili dogo mno. Ndiyo video ya marudio. Faili la aina hiyo husomwa na karibu kila programu ya Go duniani, kwa hiyo mechi iliyochezwa Banjika kwenye sola inaweza kuchambuliwa mwezi ujao kwenye kompyuta kubwa Arusha, kilomita kama 150 kutoka hapa.

KIWANJA NI KIMOJA, WACHEZAJI NI WENGINE

Kuna jambo linalowachanganya watu kwenye Linux. Mtu anapakua programu nzuri yenye ubao wa mbao unaong'aa, anaifungua, anaweka kete, halafu hakuna kinachojibu. Anadhani imekufa. Kumbe amesajili kiwanja bila kusajili timu.

Kwenye Go, kinachofikiri kinaitwa injini, na kinachochora ubao ni kitu kingine kabisa. Vinaongea kwa lugha ya pamoja iitwayo GTP, iliyokuja na hao hao wa GNU Go. Kwa hiyo kiwanja chochote kinaweza kupokea injini yoyote. Hili likieleweka, nusu ya maswali yote kuhusu Go kwenye Linux yanakuwa yamejibiwa.

Kwa viwanja, Kigo ndiyo rahisi kwa mgeni. Ni ya familia ya KDE, ina vitufe vichache, na hutumia GNU Go kama mpinzani. Ubaya wake ni kwamba kwenye mashine isiyo na KDE inakuja na mizigo mingi ya ziada, sawa na mgeni aliyealikwa peke yake akaja na ukoo. Kwa mwenye bando la kuhesabu, hilo linauma. q5Go ni nyepesi zaidi na ina zana za kuchambua mechi. GoGui inahitaji Java, lakini inakubali kuzipambanisha injini mbili zenyewe kwa zenyewe, watu wakakaa pembeni kama wako kibanda umiza. Sabaki ndiyo yenye sura nzuri kuliko zote hizo. Imejengwa kama kivinjari cha intaneti kilichovalishwa ubao, na kwenye Raspberry Pi ya zamani utaiona ikihema.

Kwa kifupi, mwenye mashine dhaifu acheze kwenye terminali au q5Go. Mwenye kompyuta ya mezani ya kawaida achague Kigo, na siku akikua, Sabaki.

VIGOGO

Baada ya GNU Go kuna ngazi. Fuego, iliyotoka Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, mwaka 2009 iliifunga kwenye ubao wa tisa kwa tisa hadhi ya juu kabisa ya mabingwa wa kulipwa, dani ya tisa, bila kupewa kete za msaada. Pachi ya Petr Baudiš inafuata mbinu ileile: kabla ya kuweka kete inacheza kichwani maelfu ya mechi za kubahatisha hadi mwisho, kisha inachagua njia iliyoshinda mara nyingi zaidi. Pachi inafaa kwa aliyeanza kumzoea GNU Go na kumpiga bila msaada.

Juu kabisa yupo KataGo, kazi ya David Wu, iliyoanza kuonekana 2019. Huyu ni wa kizazi cha AlphaGo, aliyejifunza kwa kucheza na nafsi yake. Naye ni wa bure, nambari zake zote ziko wazi. Anatisha. Mabingwa wa kulipwa wanamtumia kama mwalimu. Lakini anapenda kadi kubwa ya picha. Upo uwezekano wa kumwendesha bila hiyo, kwa mwendo wa pole. Kumpeleka kwenye chumba cha sola ili acheze na mtoto wa wiki mbili ni kumleta Mbappé kwenye ndondo. Watu watapiga picha, hakuna atakayejifunza kukaba.

Kazi yake nzuri ni nyingine. Kuna programu inayoitwa KaTrain, inayomtumia KataGo kukagua mechi yako na kuweka alama ya rangi juu ya kila kete: hapa ulipoteza pointi moja, hapa kumi na mbili. Yale mafaili ya "-o" kutoka shuleni yanapata thamani hapa. Klabu ya shule ikiwa na kompyuta moja yenye nguvu mahali popote, hata kwa rafiki mjini, mechi za wiki nzima zinabebwa kwenye flashi na kurudi na masahihisho.

Halafu mwaka 2024 KataGo aliongezewa kitu kilichosubiriwa muda mrefu: namna ya kucheza kama binadamu wa ngazi unayoitaja, pamoja na makosa ya ngazi hiyo. Yaani wenye programu kali kuliko zote nao wamekubali kwamba mteja wao anahitaji mpinzani anayefungika.

Na kufungika kwenyewe kupo hata kwa kigogo. Februari 2023 dunia ya Go ilipata kituko cha kufurahisha mashabiki wote wa timu ndogo. Mmarekani Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa, alicheza na KataGo mechi 15 akashinda 14. Watafiti walikuwa wamepekua udhaifu wa injini ile kwa kutumia programu nyingine, wakagundua kwamba haioni vizuri kundi la kete linapozunguka kama pete. Pelrine akaisoma mbinu, akaketi bila msaada wa kompyuta wakati wa mchezo, akawa anamvuta kigogo kwenye kona nyingine huku akifunga pete polepole. Kigogo alikuwa anajiona anaongoza mpaka kundi lake linakufa. Mchezaji wa kawaida wa kijijini angemwona adui mapema. Mashine iliyomzidi kila bingwa haikumwona.

Ndondo nzima ingeelewa mechi ile bila kutafsiriwa.

UPANDE WA BAO

Yote haya yana maumivu yake kwa mtu anayelipenda bao. Go ina injini, ina viwanja, ina lugha ya pamoja, ina faili la kuhifadhi mechi, na vyote vinakaa ghalani vikisubiri mtu wa Karatu aandike mstari mmoja. Bao la Kiswahili, lenye nyumba, kichwa na kimbi, lenye hatua ya kunamua ambapo kila mchezaji ana kete 22 mkononi kabla ya kuingia mtaji, ni gumu kiasi kwamba mabingwa wake wa Zanzibar walifanyiwa utafiti wa uzamivu na Mholanzi Alex de Voogt uliotoka 1995. Wamasai wa Ngorongoro wana mchezo wao wa mashimo, enkeshui. Ukienda Hyrax Hill karibu na Nakuru, Kenya, utaona mashimo ya mchezo wa aina hiyo yamechongwa kwenye mwamba.

Mchezaji wa bao anayetaka mpinzani wa kompyuta kwenye Linux kwa kiasi kikubwa ataangukia Ludii, programu ya Chuo Kikuu cha Maastricht inayobeba michezo zaidi ya elfu moja ya kale na ya sasa, ya mashimo ikiwamo. Inahitaji Java na inacheza. Ila humo bao ni mmoja kati ya wengi, kama mchezaji wa akiba namba ishirini na tatu. Mkongwe wake mwenyewe, wa saizi ya GNU Go, aliyeandikwa na mtu anayejua kwa nini mzee hucheka unapovunja nyumba yako mapema, bado anatafutwa.

Na hao vijana wa sekondari wanaohesabu zamu nne mbele chini ya mti ndio wenye kichwa cha kumwandika. GNU Go nambari zake ziko wazi. Anayetaka kuona mpinzani wa kompyuta anavyofundishwa kuchagua kete anaweza kuzifungua na kuzisoma, kwenye mashine ile ile ya sola anayochezea.

Kwa jioni ya leo inatosha kuanza na "gnugo --boardsize 9 --handicap 3". Kompyuta ikishaweka kete yake ya kwanza, Mweusi aweke kete yake. Kompyuta itaandika jibu lake baada ya sekunde moja au mbili. Kama mwanafunzi atapoteza, aangalie mstari wa chini kwa pointi ngapi, aziandike daftarini pamoja na tarehe, na azime mashine kabla taa ya betri haijawa nyekundu, maana saa mbili usiku bweni nalo linataka mwanga.